Sanduku la Thelathini na Mbili

Wameniambia panga, basi napanga.
Karatasi za ukoo wa Dunmuir, miaka mia na ishirini,
zimeletwa hapa Dundee kwa lori la samani, asubuhi ya mvua:
masanduku arobaini na moja, mojawapo limelowa.
Sheria ya chumba hiki ni kalamu ya risasi tu,
mikono mikavu, chai iachwe nje.
Biashara huku. Siasa kule. Hisani dirishani,
maana ndiyo wageni huomba kwanza.

Karatasi zina harufu zao.
Za biashara zanuka mafuta ya nyangumi,
yale waliyolainishia juti ya Bengali
kabla haijawa magunia ya dunia nzima,
gunia la kahawa, gunia la mchanga wa vita.
Za siasa zanuka tumbaku.
Za hisani hazinuki kitu. Zilitunzwa.

Mzee Archibald alikuwa na mwandiko ulioinama mbele
kama mtu apandaye kilima.
"Punguza peni sita kwa wiki," aliandika mwezi Machi,
"kwa kila mkono."
Mikono ilikuwa elfu mbili na mia nane,
mingi ya kina mama waliozibwa masikio na mitambo
hata wakajifunza kusomana midomo.

Mimi si mtu wa hesabu, ila mvua ilikataa kukatika.
Nikapiga: peni sita, mikono hiyo, wiki hamsini na mbili.
Pauni elfu tatu, mia sita na arobaini.
Nikaenda dirishani. Mwaka uleule:
*Jengo jipya la yatima, pamoja na kengele yake,
pauni elfu tatu na mia sita.*
Arobaini zimekwenda wapi?
Nikazikuta kwenye siasa, zimetulia:
*Bia kwa wapiga kura wa kata ya bandarini. Imelipwa.*

Walikuwa watu waangalifu, lazima niseme.

Sanduku la thelathini na mbili ni la shukrani.
Barua mia mbili na sita za watoto waliogawiwa viatu
Krismasi ile jengo lilipofunguliwa.
Mwandiko ni mmoja, wa karani, Bwana Crerar,
namjua kwa ule mkia wa herufi zake.
"Mheshimiwa Mfadhili, moyo wangu umejaa."
Mioyo mia mbili na sita, imejaa wino wa chupa moja.
Watoto walitia majina chini, wengine alama ya msalaba.

Ila moja. Chini ya moyo uliojaa,
kwa penseli iliyolambwa, herufi zimepishana vimo:

*Bwana, viatu vyangu vyote viwili ni vya kushoto.
Euphemia Tosh. Nina miaka tisa.*

Tumefunzwa kwamba utoapo sadaka
mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume.
Mguu wa kushoto haukutajwa.

Kesho anakuja kitukuu, Bi Rosalind, mtu mpole,
hunisaidia kubeba. Ameomba barua tano
za kuwekwa nyuma ya kioo siku ya maonyesho,
"zile zinazogusa."
Nimechagua nne.
Ya tano iko mezani tangu saa nne,
na fomu yake wazi: Aina. Tarehe. Mada.
Nimeandika tarehe.

Nimetafuta jibu.
Nakala za barua zilizotoka zipo zote,
kwa askofu, kwa muuza farasi, kwa waziri,
kurasa tatu kwa jirani aliyelalamikia mbwa.
Kwa Tosh sijaona.
Yamebaki masanduku tisa,
likiwamo lile lililolowa.